Trai ya Tatu ya Upepo

Benchi la kijani lililo mkabala na geti la mashariki la uwanja wa Haslow lina wenyewe. Kushoto hukaa Walter Entwistle, ambaye mji mzima humwita Kitabu kwa sababu ya daftari la rekodi za klabu aliloanza kuliandika akiwa hata ndevu hana. Katikati ni Clifford Rigby, yaani Upepo, winga wa zamani aliyesifika kwa kufunga trai, yaani kuugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani, na ambaye siku hizi goti lake hutabiri mvua vizuri kuliko redio. Kulia ni Stan, dereva wa basi mstaafu, aliyebandikwa jina la Honi, na sababu yake utaisikia sasa hivi. Alasiri hiyo ya Februari waliwahi kuliko siku zote, chupa ya chai katikati yao, maana saa moja jioni vijana wao, mabingwa wa raga wa Uingereza, walikuwa wanakutana na mabingwa wa Australia kugombea ubingwa wa dunia wa vilabu. Ilikuwa imepita miaka thelathini na sita tangu mechi ya namna hiyo ichezwe Haslow. Usiku uliotangulia Kitabu hakupata hata lepe la usingizi.

— Winga wetu Ashurst anafunga trai nne leo! — alianza Honi, na njiwa wote wakaruka. — Nne, nawaambia!

— Nne za wapi? — alisema Upepo. — Rekodi ya klabu dhidi ya Waaustralia ni trai tatu kwa mechi moja, na ni zangu. Mwambie huyo kijana aje kwanza anipigie magoti.

— Mbili na nusu, mzee mwenzangu — alitania Honi. — Kwa ukungu ule wa mechi ile ya mwisho?

— Tatu! — alikata Kitabu, akilipiga daftari kofi. — Ukurasa wa mia moja na kumi na mbili. Rigby, tatu. Kwa wino, si penseli.

Moyo ulimruka kidogo alipoutaja ukurasa ule, kama ulivyozoea kumruka. Akajifanya anamimina chai.

— Ukungu wenyewe, bwana wee — Honi alikuwa ameshapamba moto — ulikuwa mzito mpaka nikautundikia koti langu!

— Acha kamba!

— Haki ya nani! Waaustralia walimkaba mwenzao dakika mbili nzima, wakamwomba radhi kwa jina.

— Mlangoni walihesabiwa watu elfu kumi na tisa — alisema Kitabu. — Mpaka leo nimeshakutana na elfu sitini waliokuwepo.

— Na mimi nilikuwa mbele kabisa, penye kona! Nikamwona Upepo akiruka juu ya watu wanne...

— Sita — alisahihisha Upepo.

— Sita! Akapaa mpaka nikaziona soli za viatu, nikasoma na saizi!

Wakacheka hadi chai ikamwagika. Wakati huo ndipo msichana mmoja mwenye skafu ya klabu alipovuka barabara, kishikwambi mkononi.

— Shikamooni. Naitwa Rukhsana, mtunza takwimu mpya wa klabu. Namtafuta mzee Walter.

— Umempata, binti. Kaa unywe chai.

— Nina dakika kumi tu, mzee. Rekodi zinatakiwa kwenye skrini ya uwanja kabla ya mechi. Karatasi ya refa ya mechi ile ya miaka thelathini na sita iliyopita inasema trai ya mwisho ya kipindi cha kwanza ni ya marehemu Harold Sumner, mchezaji mwenzake mzee Clifford. Gazeti linasema ni ya mzee Clifford mwenyewe. Nimempigia mwandishi, kaniambia alinakili kwenye daftari lako.

— Basi kesi imekwisha! — alinguruma Honi. — Daftari halikosei!

— Filamu inaonyesha weupe mtupu na rundo la watu. Kwa hiyo nauliza jambo dogo tu. Kati yenu, nani aliona mkono uliougusisha mpira chini?

Honi ndiye aliyekohoa kwanza.

— Mimi, unajua... basi langu lilikwama kwenye ukungu. Niliingia kipindi cha pili.

— Na soli za viatu? — aliuliza Upepo.

— Nilisimuliwa.

— Basi mimi nilipigwa goti kichwani kwenye rundo hilohilo, binti. Nilizindukia hospitali. Kitabu akaja na daftari, akanionyesha: tatu. Miaka yote hii nimetembea na tatu zangu kwa sababu Kitabu aliona.

Wote wakamgeukia. Kitabu aliona uso unamwaka moto. Alitamani benchi limmeze.

— Nilikuwa kwenye foleni ya pai — alisema.

— Ya nini?

— Ya pai za nyama, Cliff. Nilitoka dakika ya thelathini na tano, kuwahi foleni ya mapumziko, kama kila mtu mwenye akili mjini hapa. Nikasikia uwanja umelipuka. Jamaa wa mbele yangu akasema, huyo Upepo huyo! Nikaandika. Halafu nikakukuta kitandani unatabasamu kwa upande mmoja wa uso. Nikashindwa kufuta.

Upepo alijimiminia chai iliyobaki.

— Pai yenyewe ilikuwa tamu?

— Ilipoa.

— Andika mbili, binti. Ya tatu mpe Harold. Mkewe yupo hai, atafurahi.

Kitabu alifungua ukurasa wa mia moja na kumi na mbili, akaikata tatu, akaandika mbili. Aliona aibu, na wakati huohuo akajisikia mwepesi ajabu. Ng'ambo ya barabara ngoma za mashabiki zilianza, na kipaza sauti kikajaribiwa kwa kutaja jina la Ashurst.

— Nne! — ilimtoka Honi.

— Hata tatu zinamtosha sasa — alisema Upepo, macho yakimng'aa. — Rekodi inakuwa yake. Ila atahitaji shahidi.

Kitabu akaifunika chupa ya chai, akasimama.

— Honi, pai leo utafuata wewe.

— Dakika ya thelathini na tano?

— Saa yoyote uitakayo. Mimi kitini mwangu uwanjani sibanduki, hata nikipata njaa ya kufa.