Kalisti Bujiku, Mpiga Picha za Barafu

Ndugu waombolezaji, mliochoka kwa kilio na kwa safari kama sisi, haya ndiyo maisha ya Kalisti Bujiku, yanasomwa na mdogo wake, Bartholomeo.

Kalisti alizaliwa tarehe 14 Oktoba 1914 huko Ushirombo, akasoma shule ya misheni hapo hapo hadi darasa la nne, na mwaka 1938 akaajiriwa mgodini Geita kumbebea mpima ardhi kamera, ambako alijifunza kusafisha picha. Tarehe 6 Juni 1942 alifunga ndoa na Apolonia, wakajaliwa Onesmo, Philomena na Mageni, na mwaka 1949 akafungua studio yake Maganzo.

Agosti 1952 alifuatana na mtaalamu mmoja hadi kileleni Kilimanjaro, na filamu zilizobaki akazimalizia kwenye barafu, si mlima wala watu, bali nyufa tu, mistari myeusi na mapovu yaliyoganda, picha kumi na mbili alizozitundika studio na kuzipenda kuliko kazi zake zote, ingawa wateja walimpa pole wakidhani zimeharibika.

Tarehe 3 Februari 1954, yeye akiwa Shinyanga kununua karatasi, askari waliingia studio wakamuuliza Apolonia zile ni picha za nini, naye, ambaye barafu hajawahi kuiona, akajibu kwa nia njema kwamba ni mawe gete, yaani mawe kweli kweli, mawe ya mvua, lakini Maganzo mawe ni almasi, na askari hawakungoja hiyo mvua. Kalisti alikamatwa jioni akishuka kwenye lori, akidhaniwa mwizi wa almasi, akakaa mahabusu miezi minane, akatoka bila shtaka, bila picha hata moja, na kifua kibovu.

Watu walisema mama huyu amemuuza mumewe. Miaka mitatu amekwenda kisimani peke yake, na sisi ndugu, tuseme ukweli, tulinyamaza.

Januari 1957 kikohozi kilimlaza Kalisti, akafariki hospitalini Shinyanga Jumamosi tarehe 9 Machi, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru waganga na wauguzi, wenzake wa Geita, na majirani mliochimba kaburi kwenye jua hili.

Neno lililobaki aliliandikisha mwenyewe kitandani, akatuapisha lisomwe mbele ya Maganzo nzima: “Mke wangu aliulizwa, akajibu sawasawa.”

Mama Onesmo, tusamehe. Kaka, umechoka sana, lala sasa kwa amani.