Kufuli la Zacharie kwenye Kisanduku cha Mama Amisa

Tarehe 30 Juni mwaka huu Mama Amisa Iliasi anastaafu, baada ya miaka ishirini na sita katika karakana yetu ya umeme wa jua hapa Kasongo. Alianza kwa kutengeneza redio. Tangu siku ya kwanza alimshuku kila mtu, na kila waya zaidi.

Msicheke; kazi yake inataka kushuku. Kisanduku alichokibuni hupeleka umeme wa paneli kwenye betri za pikipiki. Mawingu yakitanda, kinageuza njia: umeme unatoka kwenye betri hizo na kuendesha friji ya chanjo ya kituo cha afya. Ndani mna swichi ndogo zinazopokezana. Mbili zikiwaka pamoja, zinaungua. Kwa hiyo Mama Amisa hakuamini kwamba ya kwanza imezima kweli. Aliweka pumziko fupi kabla ya ya pili kuwaka. Kisanduku chake hakijaungua hata mara moja.

Lakini waendesha pikipiki nao wanajua kushuku. Ijumaa moja ya mawingu waliacha pikipiki zao kwetu zichajiwe. Wengi walikwenda msikitini. Zacharie, ambaye ni Mkristo, alikwenda kula. Alasiri, katika njia ya Wamaza, pikipiki yake ilizimika akiwa amebeba mteja. Aliisukuma mpaka kwetu.

“Mama Amisa, ile kisanduku yako iko inakunywa umeme yetu!”

Wote wakachomoa waya zao. Friji ya chanjo ikabaki kutegemea jua ambalo halikuwepo.

Mama Amisa alikipima kisanduku, kisha akatushuku sisi. Mwisho alijishuku mwenyewe. Kisanduku kilikuwa kimetii alivyokipangia: kilimwachia kila mmoja nusu ya betri. Nusu inatosha mjini, haifiki Wamaza. Hakuwa amemuuliza yeyote anakwenda wapi.

Hakuwaomba wamwamini. Alitoboa tundu kwenye swichi ya kurudisha umeme ya kila pikipiki, ili mwenye pikipiki aifunge kwa kufuli lake mwenyewe, umeme usitoke bila ruhusa yake. Zacharie alileta kufuli kubwa kutoka Salamabila, la aina inayofunga maduka ya dhahabu. Mvua zilipong'ang'ania na friji ikaanza kupata joto, alikuja mwenyewe akalifungua. Kisha akaketi kando ya kisanduku, akikichunga.

Leo amemzawadia Mama Amisa kufuli lile pamoja na ufunguo. Mama ameshukuru sana, halafu ameuliza ufunguo wa pili uko wapi.

Mama Amisa, asante kwa yote. Mungu akupe mapumziko yenye afya na raha. Na Jumatatu ukija kutukagua, mlango utaukuta wazi.