Keni Aliudaka kwa Mikono Miwili

Kama ungepita Unyambwa mwaka ule wa kisomo cha watu wazima, ukasikia wanaume wanagombana saa kumi alasiri mbele ya duka la cherehani, usingedhani lile ni darasa. Lakini lilikuwa darasa. Benchi lilikuwa la Gasto, fundi nguo, aliyeitwa Mita Mbili kwa sababu kila nguo, hata ya mtoto mchanga, aliitakia kitambaa mita mbili. Kahawa ilikuwa ya Kombo, aliyekuja nayo kwenye birika. Yeye jina lake la utani lilikuwa Redio, na ukikaa naye kidogo utajua sababu. Mwisho wa benchi, fimbo katikati ya magoti, aliketi Mzee Naftali, mfugaji, mtu wa maneno machache. Na mwalimu wao alikuwa Felista, mama wa miaka ishirini na mmoja, aliyemaliza darasa la saba na kujitolea kufundisha. Alisimama mbele yao, mwanawe Simoni mgongoni, karatasi mkononi, na siku hiyo walikuwa wamemchosha kabisa.

Karatasi ile iliachwa na muuguzi mmoja wa Australia aliyewahi kufanya kazi mkoani. Alikuwa ameandikisha kwa Kiswahili maisha ya wacheza mpira wa kwao, vijana wa vijiji vidogo vya ngano na kondoo, ili waliomaliza kitabu cha kwanza wapate cha kusoma. Hii ilikuwa ya kijana Keni. Kurasa mbili tu. Walikuwa nayo wiki ya tatu, na ukurasa wa pili hakuna aliyeuona.

— Leo tunaimaliza, alisema Felista. Keshokutwa mkaguzi anakuja. Asiyesoma mbele yake hapati cheti, anarudia mwaka. Redio, anza.

Kombo alisafisha koo.

— "Keni alizaliwa katika kijiji cha watu mia mbili. Baba yake alikuwa akinyoa kondoo."

— Akinyoa? alidakia Gasto. Sisi kondoo tunachinja, wao wanampeleka kwa kinyozi?

— Wanauza manyoya. Jana nilikueleza. Endelea, Redio.

— "Mpira wao ulikuwa mrefu kama yai. Keni aliudaka kwa mikono miwili, na mwamuzi akampa yeye apige."

— Mkono! Gasto aliruka hadi futi yake ya kupimia ikamdondoka shingoni. Mkono ule!

— Gasto, kaa.

— Mwalimu, mtu ashike mpira, halafu azawadiwe? Mbele ya watu?

— Tatizo lako husikilizi redio, alisema Kombo. Australia iko chini ya dunia. Watu wamesimama vichwa chini, miguu juu. Sasa ukiwa kichwa chini, mikono si ndiyo inakuwa miguu?

— Na yai?

— Kuning'inia, bwana. Kitu kikining'inia sana kinarefuka. Kitazame kibuyu.

Felista alifumba macho. Mgongoni, Simoni alianza kumvuta kilemba.

— Soma, Redio. Soma tu, kaka yangu.

— "Nyuma ya nguzo alisimama mzee mwenye koti jeupe."

— Daktari! alisema Gasto.

— Ni mwamuzi wa goli.

— Na koti la hospitali? Watu kumi na wanane kila upande, kama tulivyosoma jana, wanashikana kwa mikono, mwisho wa uwanja daktari kasimama anasubiri. Mwalimu, hiyo ni vita. Wanaita mpira ili wake zao wasilie.

— "Aliyekosa goli kidogo, mpira ukapita pembeni ya nguzo kubwa, alipewa pointi moja."

Gasto alisimama tena, safari hii polepole, kama mtu anayeanza hotuba.

— Ndugu zangu, mmesikia? Kakosa, na bado kapata. Huo ni Ujamaa! Hawa watu wana Azimio lao, wamelificha.

— Huo ni uvivu, alisema Kombo. Shamba la kijiji ndivyo lilivyo. Wengine tunalima, wengine wanapiga pembeni, jioni wote pointi.

— Unamsema nani?

— Nimekutaja?

— Basi! Felista alipiga makofi mpaka mtoto akashtuka na kulia. Alimbembeleza, huku jasho likimtoka, akasema: Basi, jamani. Sasa ni zamu ya Mzee. Ni mstari mmoja tu umebaki, halafu tufunue.

Mzee Naftali aliipokea karatasi kwa mikono miwili. Aliweka kidole chini ya neno la kwanza. Midomo yake ilicheza.

— Ke... Ke...

— Ngoja kwanza! alisema Gasto. Kijiji cha watu mia mbili, vijana kumi na wanane wako uwanjani. Mifugo inachungwa na nani?

Na ikawa vilevile kama jana na juzi. Kombo akajibu, Gasto akambishia, na Mzee Naftali akaiweka karatasi magotini taratibu.

Hapo Felista aliona moyo wake unachemka. Yeye ndiye aliyemsomea Mzee barua ya mwisho ya binti yake Maria, aliyeolewa Tabora. Mwishoni iliandikwa: "Baba, kuna neno siwezi kukuambia kwa mdomo wa mtu mwingine. Siku utakapoweza kusoma mwenyewe, nitakuandikia." Tangu siku hiyo Mzee hakukosa darasa hata mara moja. Na Maria alikuwa bado anangoja na neno lake.

— Gasto, una nini wewe? alisema Felista. Kila Mzee akishika karatasi unazua jambo! Kwa nini?

Gasto alimtupia macho Mzee, kidogo tu, akageukia cherehani. Felista akafuata macho yake, akakiona alichokitazama: kidole cha Mzee, kilichokuwa kikitetemeka juu ya karatasi. Kombo naye, bila kuombwa, alikuwa amekijaza kikombe cha Mzee na kumwekea kiganjani, ili mkono ule upate kitu cha kushika.

Felista akakumbuka wiki ya kwanza. Mzee alikwama kwenye neno moja, na watu waliokuwa wakitoka kwenye mashine ya kusaga wakasimama, wakacheka. Tangu siku ile hakuna aliyemcheka tena, kwa sababu tangu siku ile Gasto hakumwacha afike kwenye neno la pili.

Hasira zilimpungua Felista, lakini hazikumwisha. Wema ule ulikuwa umemfungia mzee mlango.

Kabla hajajua aseme nini, baiskeli ilisimama mbele yao. Mwenye baiskeli alikuwa Ndugu Yeremia, mkaguzi wa kisomo, aliyekuja siku mbili kabla ya siku iliyopangwa. Alimwamkia Mzee shikamoo, akaitikiwa marahaba, akapewa kahawa. Alipoambiwa wanasoma habari za Keni, alifurahi.

— Kijana wa kijiji kidogo! Ehe, mwishowe alifika wapi?

Kombo alilitazama birika. Felista aliitazama ardhi.

— Ndugu mkaguzi, alianza Gasto, kabla ya huko mwisho, kuna hili suala la yai...

— Gasto, mwanangu, alisema Mzee Naftali. Nimeona ulivyonitendea. Asante. Sasa nyamaza.

Aliweka kikombe chini. Aliifunua karatasi upande wa pili, akatafuta mahali pa kuweka kidole.

— Si-ku... ya... fa... fa-i-na-li... Ke-ni...

Wanawake wawili waliobeba unga walisimama njiani. Gasto aliwakazia macho, wakaendelea na safari yao.

— ...a-li-pa-nda... ma-be... ma-be-ga-ni... mwa... m-pi-nza-ni... wa-ke... a-ka-u-da-ka... m-pi-ra.

Kombo alifungua mdomo. Gasto akamkanyaga mguu, naye akaufunga.

Mzee Naftali hakuinua kichwa. Alirudisha kidole mwanzo wa mstari, akaupitia tena kimyakimya, neno kwa neno, mpaka kwenye nukta. Kisha akamtazama Felista, uso umekunjamana kwa hasira.

— Mabegani?

— Ndiyo, Mzee.

— Kampanda mwenziwe mabegani kama mti? Na mwamuzi anatazama? Na lile likoti jeupe linatazama?

— Ndivyo ilivyoandikwa, baba.

— Nimeona ilivyoandikwa! Mzee Naftali aliigonga karatasi kwa kidole. Si nimesoma mwenyewe? Haiwezekani!