Kibao Kinasema Mchungwa

Mheshimiwa Mkurugenzi wa kituo hiki cha utafiti wa kilimo, Bwana Meneja wa bustani mpya, walimu wangu, ndugu wafanyakazi, na wewe shangazi yangu unayestaafu leo, shikamooni.

Nimetumwa na klabu ya mazingira ya shule yetu. Mtanisamehe nikisoma bila kuwatazama. Mbele ya watu ulimi wangu hukauka.

Shangazi ametunza shamba la machungwa la kituo hiki kwa miaka thelathini na moja. Lina aina sitini na tatu. Zamani nilimuuliza kwa nini anahangaika na miti ya safu ya tisa, ambayo matunda yake ni machachu hata ndege wanayasusa. Akasema, "Mwanangu, hii hatuiuzi. Hii tunaiweka." Miaka mitatu iliyopita ugonjwa wa majani ya njano ulikausha safu nyingi, na hiyo michachu ikabaki kijani. Nani angejua?

Jumatatu shamba hilo litang'olewa, kwa kuwa taarifa inasema aina zote zimebebeshwa upya kwenye bustani mpya na hakuna hata mche mmoja uliokufa. Nampongeza sana Bwana Meneja. Shangazi, kwa mikono yake hii, katika miche mia hupoteza ishirini.

Wageni wetu, kubebesha ni kufunga kijiti cha mchungwa juu ya shina la mlimau lenye mizizi migumu. Kijiti kikifa, shina halifi. Mlimau huchipua kwa chini na kustawi vizuri kabisa, na kibao cha jina hubaki pale pale.

Jumamosi iliyopita nilikwenda bustani mpya, nikawa nafikicha majani na kuyanusa. Mlinzi akaniuliza, "Wewe mtoto wa vitabu, unanusa nini?"

"Majani."

"Yananukia nini?"

"Limau."

"Si michungwa hiyo?"

"Ndiyo maana naendelea kunusa."

Miti kumi na tisa ilinukia limau, na ile michachu iliyotoka safu ya tisa yote imo. Nilipomweleza Bwana Meneja, aliniuliza, "Kibao kinasemaje?" Nikamjibu, mchungwa. "Basi ni mchungwa," akasema, akafunga mlango.

Nilimwambia na shangazi. Akasema, "Niache nistaafu kwa amani." Tangu siku hiyo najiuliza kama alijua kabla yangu, na swali hilo linaniuma kuliko mengine yote. Je, ni haki mtu kuagwa kwa makofi huku kazi yake ikizikwa?

Hati ya makabidhiano, inayothibitisha kwamba aina zote zimehamishwa salama, iko mezani, na inasubiri saini ya shangazi tu. Shangazi, wewe ndiye uliyenifundisha kutambua mti kwa jani lake. Kutoka hapa hadi bustani mpya ni mwendo wa dakika kumi. Nakuomba uweke kalamu chini, utangulie, nasi wote tukufuate.

Nawashukuru kwa kunivumilia na kunisikiliza.