Mlinzi wa Gundi

Benchi letu la kijiweni ni kompyuta mbili zilizokufa, zile kubwa za zamani zenye tumbo la bati, na juu yake ubao. Aliyeliunda ni Fundi Tochi, ambaye kibanda chake kiko nyuma yetu. Jina hilo tulimpa kwa sababu ya kawaida yake: ukimletea kompyuta, hupati kuketi. Utashika tochi umulike ndani, naye akuonyeshe vumbi lilipojificha na waya ulipokatika. Mimi ni fundi viatu, jirani yake wa miaka kumi na minne, na nimeshika tochi hiyo mpaka mkono ukafa ganzi. Enzi hizo alizungumzia kompyuta kama mtu aliyeoa juzi. Siku hizi ukimtajia anatema mate pembeni.

Asubuhi moja alikuja na fulana mpya yenye nembo ya kampuni iliyoleta tableti shuleni. Waziri, karani mstaafu tuliyempachika cheo hicho kwa kusema mengi na kutenda machache, akamuuliza siku hizi anatengeneza nini.

— Sitengenezi kitu, Tochi akasema. Hizo tableti zimebandikwa gundi zisifunguliwe. Kila Ijumaa naenda shuleni kutazama nani kafungua, naandika jina.

— Na wewe ukitaka kufungua?

— Naandika langu.

Tukacheka. Yeye hakucheka.

Mama Birika, anayetuuzia kahawa, alisema gundi hiyo inaficha masikio. Yeye alilalamika jikoni kwake kwamba sufuria imetoboka, simu ikamletea matangazo ya sufuria wiki nzima.

— Masikio ni kidogo, Waziri akasema. Kuna ofisi mahali fulani, ndani yake mtu mmoja na kalenda. Kila asubuhi anachagua simu za kuzeesha. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka.

— Hiyo inaingiaje hapa? nikauliza.

— Inaingia. Mbona simu zikikaa zinakuwa nzito?

Mama Birika akaapa kwamba jana yule mtu alichagua yake.

— Mngejua nilivyovipenda hivi vitu, Tochi akasema. Nilidhani kila mtu atafungua, ataona, na hakuna wa kumdanganya tena. Leo nalinda gundi.

— Si uache? nikamwambia.

— Niache nile nini? Wewe mwenyewe, simu yako ilipokufa, uliniletea? Ulinunua nyingine.

Nikarudi kwenye soli yangu. Alisema kweli, na nilimchukia kidogo kwa hilo.

Ndipo akaja mama mmoja ambaye hatukuwa tumemwona kijiweni. Alitusalimu wote vizuri, kisha akamgeukia Tochi.

— Wewe ndiye uliyeandika jina la binti yangu? Wamemtoa darasa la kompyuta kwa mwaka mzima.

Tochi akajibu kwamba mtoto alibandua tableti kwa kisu cha jikoni, na sheria hakuitunga yeye.

— Uliikuta imeharibika?

— Hapana. Aliifunga vizuri. Inafanya kazi.

Waziri akadakia kwamba mchimba kisima huingia mwenyewe. Hakuna aliyemsikiliza.

— Hunikumbuki, kaka yangu, mama akasema. Nilikuletea kompyuta ya marehemu mume wangu, ukanishikisha tochi hapohapo mlangoni. Ukaniambia mtu asiogope kitu chake mwenyewe. Nikarudi nyumbani nikamsimulia mtoto. Alipofungua hiyo tableti, mdogo wake ndiye aliyemshikia tochi. Sasa tangu Ijumaa ananiuliza kosa lake ni lipi. Nimjibu nini?

Mama Birika akainamisha birika ampe mgeni kikombe, yakatoka mashapo. Mimi nilijitia kutafuta sindano niliyokuwa nimeishika.

Tochi alitazama chini, kwenye zile kompyuta mbili tulizozikalia. Mama yule hakuondoka. Alisimama pale na mkoba wake, akisubiri jibu la kumpelekea mtoto.