Vioo Alivyoviosha Bi Hasifa

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya; Bwana Daktari unayekiongoza kituo chetu; Chifu na wazee wa baraza; masheikh na wachungaji mliokubali kuketi benchi moja; wafanyakazi wenzangu; na ninyi wageni wetu mliovuka kutoka ng'ambo asubuhi hii, ambao sitawataja kwa majina kwa sababu mnazozijua wenyewe: hamjambo nyote.

Mimi ni Okware, msimamizi wa maabara hapa Busia upande wa Kenya. Nimepewa kazi ya kumuaga Bi Hasifa, anayeondoka Jumatatu kwenda Kisumu kufundisha wapimaji wa damu. Ratiba imeniweka kati ya ngoma na soda, kwa hiyo najua hamkuja kwa ajili yangu. Waliopanga shughuli hii wangepata mtu mwingine wa kusifu vizuri zaidi. Mimi nimezoea kueleza nilichokiona chini ya hadubini, basi, na ndivyo nitakavyofanya leo.

Nianze na damu. Tone la damu likipakwa juu ya kioo chembamba na kutiwa rangi, huonekana chembe nyekundu nyingi mno, na kati yake zile nyeupe, chache. Katika hizo nyeupe kuna za duara zinazoitwa limfosaiti. Hizo ndizo zinazoshughulika na virusi. Vitabu vyetu huziita askari wa mwili. Bi Hasifa, alipokuwa akifundisha Tororo, upande wa Uganda, aliwakataza wanafunzi wake wasilitumie neno hilo. Alisema, "Askari tunawajua. Hizi ni wafagiaji wa soko." Nadhani mmemwelewa.

Katika ugonjwa mfupi, wafagiaji hawa huongezeka, hunenepa, humaliza kazi na kurudi kwao, na damu huwa kama ilivyokuwa. Lakini vipo virusi visivyoondoka. Vipo vya homa ya ini vinavyokaa ndani ya mtu miaka na miaka, mwenyewe akilima, akioa, akicheka, macho yakiwa ya manjano msimu mmoja na meupe msimu unaofuata. Je, limfosaiti za mtu huyo huwa namna gani? Mwanzoni ni nyingi na kubwa, kingo zake zina buluu iliyokolea. Miaka ikipita hupungua. Zinazobaki ni dhaifu, zina umbo la ovyo, ukizitazama unajua zimechoka. Ili kuliona hilo ni lazima uwe na damu ya mtu yule yule kwa miaka kadhaa, uipange kioo baada ya kioo. Nani katika wilaya zetu alikuwa nayo? Hakuna aliyekuwa nayo. Au niseme, tulikuwa nayo sisi wawili, na hatukujua.

Maabara ya Tororo, aliyokuwa akiisimamia Bi Hasifa, na hii yangu zilikuwa na utaratibu wa kukaguana. Kila mwezi mimi nilimpelekea vioo vyenye namba bila majina, naye akaniletea vyake, vikiwa vimefungwa kwenye pakiti tupu za sigara ndani ya lori la mbolea kutoka Osukuru. Kila mmoja alisoma vya mwenzake na kumtafutia makosa. Bi Hasifa alinitafutia kwa bidii kubwa. Hata mpaka ulipokuwa mgumu, pakiti za sigara zilipita.

Sasa niulize jambo jingine. Katika ukumbi huu, ni wangapi wenye jina moja tu? Msinyooshe mikono, Mheshimiwa yupo hapa. Tunajuana. Mtu wa mpaka huu ana jina alilopewa msikitini au kanisani, na ana jina la babu yake. Lile moja hulitumia upande huu, lingine upande ule, na hahesabu kwamba amesema uongo. Akiugua Tororo ni Mutwalibu. Akiugua Busia ni Othieno. Hayo majina mawili nimeyabuni, na mtu mwenyewe nitamwita hivyo hivyo.

Mutwalibu wa Tororo alikuwa mkulima wa Masinya aliyewahi kuwa na macho ya manjano mara moja, zamani, akapona. Othieno wa Busia alikuwa mchuuzi wa vipuri vya baiskeli, na macho ya manjano yalimjia kila baada ya muda. Mimi niliandika kwamba kila mara ni ugonjwa mpya. Bi Hasifa ndiye aliyeniletea habari kwamba mimi na yeye tuna mgonjwa mmoja. Alikuwa ameona kwamba chembe nyekundu za watu hao wawili hazikuwa duara kama za watu wengine, bali zimerefuka kama yai. Ni hali ya kuzaliwa nayo, na huku kwetu ni nadra sana. Nilimtajia jina la mgonjwa wangu, lakini nikamjibu kwamba mayai hayathibitishi kitu. Akavipanga vioo vyote, vyangu na vyake, tangu mwaka wa sabini na mbili, nami nikaona limfosaiti zikipungua na kuchoka kwa mfuatano ambao sijauona tena. Ugonjwa haukuwa mpya hata mara moja. Ulikuwa mmoja, na haukuwahi kuondoka.

Nilifurahi sana, sitaficha. Nilianza kuandika makala ya kusomwa mbele ya madaktari Nairobi. Yeye aliniambia nisubiri.

Mwaka wa sabini na sita, mke wa mtu huyo, Bi Rehemah, alijifungua hospitalini Tororo akavuja damu nyingi. Friji ya damu ilikuwa tupu. Mumewe akakunja shati, akasema, "Chukueni yangu." Kundi lake la damu lililingana na la mkewe. Kwa habari zilizokuwa Tororo, alistahili kutoa: Mutwalibu aliugua mara moja, zamani, akapona. Ni Othieno ambaye hangeruhusiwa kutoa hata tone, maana angempa mkewe virusi vile vile pamoja na damu. Mlangoni mwa wodi alisimama mtu mwenye miwani myeusi asiyekuwa mgonjwa wala muuguzi. Siku hizo watu wa namna hiyo walisimama kila mahali wakipeleleza. Kusema kwamba Mutwalibu ni Othieno ilikuwa kusema kwamba anavuka mpaka na bidhaa, na wenzetu wa Uganda mnajua magendo yalimpeleka mtu wapi. Wengine hawakurudi kutoka huko.

Bi Hasifa angefanya nini? Akinyamaza, mke anaambukizwa. Akisema, mume anachukuliwa. Alisema tu kwamba damu hiyo haifai.

Mume alipandisha sauti mpaka wodi nzima ikageuka. "Mama! Mke yangu nakufa hapa, na wewe nanikataza damu yangu mwenyewe? Wewe ni nani?"

Daktari naye akataka sababu. Bi Hasifa alimsogelea yule mume kama mtu anayemfunga mkono kamba ya kutolea damu, akamwambia sikioni kwa Kisamia, polepole, "Othieno, tulia."

Aliyeniambia haya ni dada wa Rehemah, Aidah, aliyekuwa ameingia wakati huo huo kutoka Bulumbi, vumbi la barabara likiwa bado miguuni. Anasema shemeji yake alikuwa kama amemwagiwa maji. Alishusha mkono wa shati akasema kwa sauti ya kawaida, "Daktari, damu yangu ni mbaya. Mtafute ingine." Wakachukua ya Aidah. Rehemah aliishi, na mtoto aliishi.

Mwenye miwani hakusikia jina, lakini aliona mtu mkali akinyamazishwa kwa neno moja, na kazi yake ilikuwa kuona mambo ya namna hiyo. Aliuliza huku na huku. Mtu fulani hospitalini akamwambia habari za vioo, na kwamba mpimaji huyu anaweza kumjua mtu kwa damu yake hata akibadilisha jina. Mnaona hatari ya sifa njema?

Askari walipofika maabara, Bi Hasifa alikuwa amekwisha kujua kwamba watakuja. Walitaka vioo vyote. Aliyewaongoza alisema, "Mama, damu ya ule mtu iko wapi?"

"Nimeosha, afande."

"Umeosha nini?"

"Glasi yote. Dukani glasi hakuna. Tunaosha, tunatumia tena."

Hilo la mwisho lilikuwa kweli tupu. Mwaka ule kioo kipya hakikupatikana Tororo wala Mbale. Lakini vioo vile vilikuwa vya kuhifadhi, havikuwa vya kuoshwa. Alikuwa ameviosha kwa sabuni na spiriti, vya mtu yule na vya kila mtu mwingine, kwa sababu angeosha vya mmoja tu angekuwa amemnyooshea kidole. Askari alichukua kimoja kwenye waya wa kukaushia, akakielekeza dirishani, akatazama, akaona miti ya nje. Akakitupa chini. Akampiga Bi Hasifa kofi, wakaondoka na hadubini. Wiki hiyo hiyo naye alivuka, akaja kwetu na begi moja.

Mheshimiwa, nilipewa habari hiyo nikiwa na makala yangu mkononi. Nilikasirika. Kati ya vioo vilivyooshwa vingi vilikuwa vyangu, nilivipaka mimi, na bila hivyo makala ilikuwa hadithi tu. Nilimuuliza hapa hapa, siku ya pili ya kufika kwake, shavu likiwa bado limevimba, kama alijua alichokiharibu. Akanijibu, "Bwana Okware, najua kuliko wewe. Mimi ndiye niliyevipanga." Akaomba aonyeshwe mahali pa kuweka koti lake. Tumefanya kazi pamoja miaka miwili tangu hapo, na hasira yangu haijaisha yote. Nasema hivyo hadharani ili mjue kwamba nikimsifu sina unafiki. Hajapata kuwapo mpimaji bora kuliko huyu pande zote mbili za barabara ile, na kazi yake kubwa kuliko zote haipo, kwa kuwa aliifuta mwenyewe kwa mikono yake.

Nimalizie na jambo la mwezi uliopita. Alikuja mgonjwa, mwanamume, amekonda, lakini amekuja kwa miguu yake. Nilimchoma kidole, nikapaka kioo, nikakipeleka mezani kwa Bi Hasifa ndani. Nikarudi dirishani kumuuliza jina. Alinitajia jina la tatu, ambalo sijapata kulisikia maishani mwangu, bila kupepesa jicho. Nikaliandika.

Bi Hasifa hakuwa amemwona, pazia lilikuwa katikati. Alikaa ameinama juu ya hadubini kwa muda mrefu kuliko kawaida yake, na mimi nikadhani ameona vimelea vya malaria, nikasahau kabisa yale mayai. Kisha akasema, bila kuinua kichwa, na sauti yake haikuwa ile ninayoijua:

"Mwambie anisalimie Rehemah."

Bi Hasifa, nenda salama. Mheshimiwa, wazee, ndugu zangu, nimewacheleweshea soda, nanyi mmetulia mkanisikiliza mpaka mwisho. Nawashukuru sana.