Balbina na Wanawake Wake wa Udongo

Baba Paroko, wazee wetu, mama zetu, majirani wa Mlabani na wageni mliotoka Mkula na Mang'ula, historia ya maisha ya dada yetu Balbina inasomwa kwa niaba ya familia na kaka yake mkubwa, Eustaki, nayo si ile iliyoandikwa juzi kikaoni, kwa maana ile ilisema marehemu aliugua ghafla, na Eustaki ameikunja akaitia mfukoni.

Marehemu alizaliwa Mahenge tarehe 14 Machi 1954, akasoma shule ya msingi hapa Ifakara kuanzia mwaka 1962 hadi 1968, kisha akarudi Mahenge kukaa na bibi yetu Tekla, mfinyanzi, ambaye alimfundisha kuponda udongo, kuuchanganya na mchanga na kuchoma vyungu kwa kuni na nyasi, na jamani, mkono ule ulikuwa mwepesi, vyungu vyake sokoni viligombaniwa.

Tarehe 8 Septemba 1973 alifunga ndoa na Octavian, fundi seremala wa Mang'ula, wakajaliwa watoto watatu, Digna, Raimundi na Levina. Octavian alikuwa mcheshi mbele za watu, na Eustaki hafichi kwamba alimpenda shemeji yake huyo, walikunywa pamoja na kutaniana, na alipomwona dada yake na jicho lililovimba aliambiwa ameanguka, akakubali.

Mwaka 1990, bibi Tekla alipokuwa hajiwezi tena, alimsimulia Balbina aliyoyaona akiwa mtoto wakati wa Maji Maji, jinsi wanawake walivyofungwa kamba shingoni wakabebeshwa mizigo ya askari, na walioanguka wakaachwa njiani, wala hakuna aliyeandika majina yao. Balbina akaacha vyungu, akaanza kufinyanga wanawake, kila mmoja wa urefu wa mkono, na juu ya mgongo, udongo ukiwa mbichi, alichora kwa mwiba jina na jambo alilotendwa. Mwaka 1994 aliwapanga sitini na watatu kandokando ya barabara pale Mkula, wakiwa wameunganishwa kwa kamba moja, wakitazama wapita njia.

Wengine walisema ni uchawi, lakini wanawake walikuja, kwanza na majina ya mabibi, baadaye ya mama zao, mwishowe wakaleta ya kwao wenyewe, na hapo ndipo wanaume walipokasirika. Ukoo ulikaa mwaka 1995, Eustaki akiwa mwenyekiti, ukamwambia azivunje sanamu zile kwa kuwa anaanika mambo ya ndani barabarani, naye Balbina akajibu kwa upole, "Kaka, mimi sijampiga mtu. Mimi nimeandika tu."

Mara tatu alikuja Mlabani kwa kaka yake na uso uliovimba, na mara zote tatu ukafanyika upatanisho kama ilivyo desturi yetu, mume akainama, akaomba radhi, wazee wakaridhika, na kaka akamsindikiza dada kurudi kwa mumewe. Mara ya mwisho ilikuwa tarehe 20 Julai mwaka huu wa 1996. Siku nane baadaye Octavian alimpiga kwa mchi kichwani, Balbina akaletwa hospitali hapa Ifakara, na tarehe 2 Agosti, saa kumi alasiri, akafariki dunia bila kuzungumza. Octavian yuko mikononi mwa polisi.

Juzi Digna alifungua kibanda cha mama yake, akakuta sanamu moja ambayo haijachomwa, mwanamke anayetembea ameinamisha kichwa, na nyuma yake mwanamume, wa kwanza ambaye Balbina aliwahi kumfinyanga. Eustaki alidhani ni Octavian, akamtafutia fimbo mkononi, hakuiona. Mwanamume yule amebeba furushi, na mgongoni pameandikwa: "Eustaki. Kaka alinibebea furushi langu." Loh! Akaketi chini palepale kwenye majivu, kwa maana ni kweli, alilibeba, njia nzima hadi Mang'ula, akijiona kaka mwema.

Wazee wamemwomba aivunje kabla watu hawajaiona, naye amekataa. Kesho wafinyanzi wenzake marehemu wataichoma, nayo itakwenda Mkula kusimama pamoja na zile nyingine, jina likiwa limeelekea barabarani.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliohangaika naye siku tano, majirani waliotupikia na kukesha nasi, na wafinyanzi waliomwosha marehemu kwa mikono yao. Watoto wake watatu Eustaki anawachukua, na amewaahidi mbele ya kaburi hili kwamba mlango wake hautafungwa mbele yao.

Balbina, dada yangu, pumzika kwa amani, hakuna tena atakayekurudisha.